Kwenye Orodha, Chagua "Nyingine"

Fomu ilikuwa rahisi. Jina, chuo, mwaka wa masomo, kisha maneno 300 kwa Kiingereza kueleza kwa nini unataka nafasi. Halafu likaja swali la lugha: data utakayofanyia kazi iko katika lugha gani? Ukibonyeza, orodha inashuka: Kiswahili, Dholuo, Kikuyu, Kiluhya, Kikamba, Kisomali. Ekegusii hakuna. Chini kabisa kuna "nyingine". Nikabonyeza nyingine.

Ilikuwa warsha ya siku tatu kuhusu taaluma za kibinadamu za kidijitali, yaani kutumia kompyuta kusoma, kuhifadhi na kuchunguza fasihi, historia, lugha na sanaa. Ukiwa mwanafunzi wa fasihi Kenya siku hizi, matangazo ya aina hii hayakosi kwenye simu: warsha, ufadhili, makala yanatafutwa, mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Tunayasambaza kwenye magrupu ya WhatsApp hata kabla ya kuyasoma hadi mwisho. Mimi nasema tuyasome. Tangazo nalo ni maandishi, na linahakikiwa kama hadithi fupi: nani anasema, anamwambia nani, na ni nani hajaalikwa.

Mimi ni wa Nyaramba, kaunti ya Nyamira. Kwenye simu yangu nina sauti kumi na nne za magokoro, bibi yangu, akisimulia emegano, zile ngano za jioni. Kwenye nyingine jogoo anamkatiza, kwenye nyingine jirani anapiga hodi na hadithi inasimama hadi chai iishe. Nilienda nazo warshani nikidhani hizo ndizo data. Mwezeshaji alizisikiliza kwa heshima, akasema ni nzuri sana, kisha akaniomba nitumie mfano wa Kiswahili kwa sababu programu haiijui lugha yangu. Siku tatu nikachora grafu za maneno ya watu wengine.

Rahisi kumlaumu mwezeshaji, lakini programu hujua ilichofundishwa, na kuna watu waliokaa chini wakaamua ifundishwe nini. Kwa hivyo tuangalie kazi moja kubwa iliyofanyika hapa hapa nyumbani.

Kencorpus ni hazina ya maandishi na sauti iliyokusanywa na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, kwa ufadhili wa Lacuna Fund. Waliieleza rasmi mwaka 2022: maandishi 4,442 yenye maneno milioni 5.6, na faili za sauti 1,152 zenye jumla ya saa 177. Lugha ni tatu: Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, na katika Kiluhya wakachukua lahaja tatu, Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu.

Kusema ukweli, ni kazi ya kupongezwa. Hawakukaa ofisini wakavuna intaneti. Walienda shuleni na kwa jamii. Hawakufanya Kiluhya kiwe lugha moja iliyonyooshwa kwa pasi. Na kitu kilichonifurahisha zaidi: sentensi za Dholuo na Kiluhya walizitafsiri kwa Kiswahili, wala si kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba Mjaluo na Mluhya wanaweza kukutana ndani ya mashine bila kwanza kupitia London. Huo ni uamuzi wa kitaaluma, na pia ni siasa nzuri.

Kasoro ninayoiona iko kwenye kile kinachotokea baadaye. Lugha ikishaingia kwenye hazina moja, inakuwa rahisi kuchaguliwa tena. Mwaka 2021 mradi wa MasakhaNER, uliofundisha kompyuta kutambua majina ya watu na mahali, ulichukua lugha kumi za Afrika. Kiswahili na Dholuo zilikuwemo. Juni 2024 Google Translate iliongeza lugha 110 kwa mpigo. Dholuo ikaingia, Ekegusii ikabaki nje. Sidai kwamba mradi mmoja ulisababisha mwingine. Nadai kwamba mtafiti mwenye bajeti ndogo huanzia palipo na data, kwa hivyo aliye ndani huzidi kuwa ndani. Na Wajaluo ni majirani zetu, hatuwaonei wivu. Tunauliza tu foleni yetu iko wapi.

Halafu usiniambie sisi ni wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7. Wala lugha haijakosa maandishi: Biblia ipo, na mwaka 2013 Kennedy Momanyi Bosire na Gladys Kwamboka Machogu walitoa kamusi nzima ya Ekegusii. Egesa FM inatangaza kwa Ekegusii kila siku. Saa 177 za Kencorpus ni kama wiki moja ya redio, usiku na mchana. Sisi wiki kama hizo tumeziachia hewani kwa miaka.

Ugumu upo, na ungenoga kuliko zile grafu nilizochora. Ekegusii ina irabu saba lakini tunaandika kwa herufi tano, kwa hivyo maneno mawili yanayotofautiana mdomoni yanaweza kufanana kwenye karatasi. Kuna toni ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi. Tena kiambishi chenyewe hubadilika: tunasema *eke-gusii* lakini *ege-tabo*, kitabu, kwa sababu *k* ya mwanzo hulainika ikifuatwa na sauti kama *t*. Mashine inayotafuta *eke-* peke yake itapitwa na *egetabo*. Magokoro hajawahi kufundishwa kanuni hiyo na hajawahi kuikosea. Hebu fikiria warsha ambayo swali lake la kwanza lingekuwa hilo, na mtaalamu wake wa kwanza angekuwa yeye.

Hapo ndipo historia ya taaluma hii inaponitia wasiwasi. Wengi huianza na Roberto Busa, padre Mjesuti wa Italia, aliyeenda kwa kampuni ya IBM mwaka 1949 kuomba msaada wa kutengeneza faharasa ya maneno yote ya Thomas Aquinas. Busa anajulikana. Wasichana waliopiga kadi zile matundu kule Gallarate, neno kwa neno, mamilioni ya maneno ya Kilatini, kwa miaka mingi walibaki sura kwenye picha, bila majina, mpaka watafiti kama Melissa Terras na Julianne Nyhan walipoanza kuwatafuta. Kosa hilo tunaweza kulirudia kwa wepesi sana. Msimuliaji anageuka kuwa "chanzo", "mzungumzaji wa kike, umri zaidi ya 70", na jina linaloenda kwenye makala ni la aliyeshika kinasa sauti. Yaani langu.

Kwa hivyo nikipata tangazo sasa nalisoma kwa maswali matatu. Je, naweza kuomba kwa lugha ninayoifanyia kazi, au angalau kwa Kiswahili? Je, nikirudi nyumbani nitakuwa na kitu mkononi, au cheti tu? Je, waliotoa sauti wametajwa, wameulizwa, na nakala itabaki kwao? Matangazo mengi yanafeli yote matatu. Mengine yanapita moja, na hayo ninayaomba, kwa sababu lishe ya kususia haishibishi mtu. Ila kuna chuo kikuu Kisii kwenyewe, chenye hati tangu 2013, na ukiniuliza mimi, warsha ya kwanza ya maana kuhusu lugha hii haihitaji ndege wala hoteli. Inahitaji matatu, kinasa sauti na mtu wa kumlipa msimuliaji siku yake aliyoiacha shambani.

Mwezi wa nane nilirudi Nyaramba kurekodi sauti ya kumi na tano. Kabla sijabonyeza nilimwambia magokoro nataka kuandika jina lake kwenye faili zote, tangu ya kwanza. Akauliza nani atalisoma. Nikamwambia bado sijui. Akanitajia majina yake yote matatu, polepole, kisha akaniambia niyasome tena ahakikishe nimeyaandika sawa. La pili nilikuwa nimelikosea irabu.