Sifa kwa Waliochuchumaa

Fundi wa njia wa Lisbon hapimi jiwe kwa rula. Hulishika kwa mkono mmoja, akaligeuza, akalipiga nyundo moja kavu, na kipande kisichotakiwa kikaruka. Upande mwingine ukiwa bado haujakaa sawa, huligeuza tena. Kisha hulipandikiza kwenye mchanga katikati ya wenzake, akaligonga kichwani, akanyoosha mkono kuchukua jingine. Yote haya huyafanya amechuchumaa au amekalia kigoda kifupi, uso umeelekea chini, na watu wanampita na haraka zao. Ukisimama kumtazama, kasi yake si kitu. Kinachoshangaza ni kwamba hatupi jiwe. Lisilofaa hapa hulisogeza pembeni, na baada ya muda utamwona analirudia, kwa kuwa mahali pake pamepatikana.

Mawe meupe ni ya chokaa, mengi hutoka kwenye milima ya Aire na Candeeiros, kaskazini mwa jiji. Meusi ni basalti, au chokaa nyeusi. Pakitakiwa pambo, fundi hulaza kwanza kiolezo cha mbao, akapanga rangi moja ndani ya mipaka yake na nyingine nje. Mwisho mchanga hufagiliwa uingie katika nyufa, maji hunyunyizwa, na eneo lote hushindiliwa. Kwa utaratibu wa zamani hakuna zege inayoyashika. Jiwe hushikwa na jiwe. Ndiyo maana bomba likipasuka, njia hufumuliwa, bomba likatengenezwa, na mawe yaleyale yakarudi kazini. Lami haina ustaarabu huo.

Niliutembea mji huu siku nzima kwa miguu, nikianzia uwanja wa Rossio mapema, kabla vikundi vya watalii havijauziba. Mapambo ya uwanja ule yalipangwa kati ya 1848 na 1849: mawimbi meusi na meupe, mstari baada ya mstari, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Miguu inakuambia ni tambarare, macho yanakataa. Nilimwona mzee mmoja akivuka huku anasoma gazeti, naye hakuyumba hata kidogo, nikajua ni mwenyeji.

Kusini ya hapo ni Baixa, sehemu iliyojengwa upya baada ya tetemeko la Novemba 1, 1755, pale waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, alipoamuru mitaa iliyonyooka. Mitaa mingine ilitengewa ufundi: wafua dhahabu mtaa wao, wafua fedha wao, washona viatu wao, watengeneza matandiko ya farasi wao. Napenda serikali inayofikiria mafundi watakaa wapi. Wapanga mawe hawana mtaa katika orodha hiyo. Walisubiri hadi 2006 ndipo jiji likawawekea sanamu ya shaba, watu wawili wakiwa kazini, ambayo sasa ipo Restauradores, jirani na Rossio. Wapitao wengi hupiga nayo picha bila kutazama kilicho chini ya viatu vyao.

Kutoka hapo nilipanda kilimani hadi ngome ya São Jorge, na hapa sifa zinaingia doa. Mtindo huu wa kupanga mawe kwa mapambo ulianzia kwenye ngome hiyo. Gavana wake, Eusébio Furtado, aliwatumia wafungwa kutandaza eneo la gwaride kwa mistari ya pembepembe, nyeusi na nyeupe, kazi iliyokamilika mwaka 1842. Watu wa mjini walipanda kuja kuitazama, wakavutiwa, na Furtado akapewa kazi ya Rossio. Waliochuchumaa walikuwa na minyororo miguuni. Jina la gavana limo katika kila kitabu cha historia ya mawe haya; majina ya wafungwa sikuyaona popote. Sijui kuusifu ufundi huu kwa njia ya kulizunguka jambo hilo. Mtu aliyefungwa miguu alijifunza kusoma jiwe kwa kiganja, na alichojifunza ndicho kilichotandaa baadaye hadi Rio de Janeiro, Macau na Maputo.

Nikiteremka Alfama nilipita kwenye kazi iliyonifurahisha kuliko zote. Mwaka 2015 msanii Vhils, pamoja na wapanga mawe wa jiji, waliitengeneza sura ya Amália Rodrigues, mwimbaji wa fado, kwa mawe meusi na meupe. Inaanzia chini kama njia nyingine yoyote, kisha inapanda ukutani. Kwa mara hiyo moja, ufundi wa chini ulipewa ukuta.

Wenyeji wengi hawana mapenzi haya niliyonayo. Mawe husuguliwa na nyayo mpaka yakang'aa, na mvua ikinyesha mteremko hugeuka sabuni. Vikongwe huanguka, na mwenye kiti cha magurudumu hutaabika. Mwaka 2014 halmashauri ya jiji ilipitisha mpango wa kuondoa mawe sehemu kadhaa, na mabishano hayajaisha. Nawaelewa. Lakini niliangalia kwa makini sehemu zilizobomoka: nyingi zilipangwa kwa pupa, nyufa pana, mawe yamekaa kama meno ya mtoto. Hapo kosa si la jiwe. Jiji lina shule ya wapanga mawe tangu 1986, na ufundi wenyewe uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi mwaka 2021, ila orodha haimchuchumazi kijana. Ni kazi ya magoti na mgongo, juani.

Alasiri nilishuka mtoni, nikaufuata Tejo kuelekea magharibi hadi jumba la makumbusho ya sanaa za kale. Nilikuwa na kesi yangu humo, juu ya chombo kimoja cha dhahabu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile ilikuwa imetoka bara, ikapitia Sofala. Mfalme Manuel wa Ureno aliiagiza igeuzwe chombo cha ibada kwa ajili ya monasteri ya Belém, na kikakamilika mwaka 1506. Maandishi yaliyochorwa juu yake yanamtaja mfalme, na yanaitaja Kilwa. Fundi hatajwi hapo. Jina lake, Gil Vicente, limo katika wasia wa mfalme.

Kwa mtu wa pwani yetu ingekuwa raha kusema kwamba ni kazi mbovu, mali ya dhuluma isiyo na baraka. Sivyo. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya kioo, wadogo, wamepakwa rangi za vioo vilivyoyeyushwa, na juu yao njiwa mweupe. Nilizunguka kabati nikitafuta mahali alipochoka akaharakisha, sikupaona. Dhahabu ilichukuliwa kwa mizinga. Mkono ulioifua haukuibiwa kwa mtu yeyote, nami nausifu huku nimekunja uso.