«Gari Linachemsha»: Uhakiki wa Neno la Gereji

Uhakiki wa istilahi umezoea kuyaelekea maneno mapya. Neno limeundwa juzi, nasi tunalipima kwa mizani ya sarufi, ya maana na ya kukubalika kwa watumiaji. Ni mara chache kuhakikiwa maneno ambayo hayakupitishwa na kikao chochote, bali yamezaliwa gereji, yakalelewa na madereva na makenika, na leo yanatumika toka Tanga hadi Tunduma bila ya mtu kuuliza asili yake. Katika makala haya tunakusudia kulitazama neno moja la jamii hiyo, nalo ni kuchemsha, kama linavyosemwa na dereva anapomwambia fundi, "Gari linachemsha." (Wengi husema "gari inachemsha", mgogoro huo wa ngeli hatutauingilia hapa.) Dai letu ni kwamba neno hili lamfaa dereva lakini lampoteza fundi, na kwamba upotevu huo si wa nadharia tu: injini huharibika kwa ajili yake, na watu huungua.

Tuanze na sarufi, maana ndiyo iliyobeba siri ya jambo hili. Kuchemka ni kwa kitu chenyewe: maji yanachemka. Kuchemsha ni kukifanya kitu kichemke: mama anachemsha maji. Basi gari likichemsha, linachemsha nini? Jibu ni maji yaliyomo katika rejeta na katika mapito ya injini. Msemaji ameuacha mtendwa bila kuutaja kwa kuwa kila mtu anaujua, na huo ni ufupi wa kawaida katika Kiswahili cha kazi. Lakini kwa ufupi huo sentensi imehamisha macho ya msikilizaji. Inasema habari za maji, ilhali mgonjwa ni chuma. (Vijana wa mjini nao wamelichukua neno hilohilo kwa maana ya kushindwa, wakasema timu imechemsha, wao angalau hawana injini ya kupoteza.)

Kuzidi joto kwa chuma na kuchemka kwa maji ni mambo mawili, na si lazima yaandamane. Maji ya kawaida huchemka kwenye digrii 100 za Selsiasi hapo pwani. Ndani ya rejeta yenye kifuniko kizima hali ni nyingine, kwa sababu kifuniko kile hakikuwekwa kuzuia maji yasimwagike tu; kina springi inayoyabana maji kwa shinikizo, na chini ya shinikizo hilo maji huweza kufika karibu na digrii 120 kabla hayajachemka. Kwa hiyo injini yaweza kuzidi joto huku maji yametulia kimya. Kinyume chake pia ni kweli. Springi ya kifuniko ikilegea, maji yatachemka mapema, hali chuma bado kiko katika joto lake la kazi au karibu nalo. Dereva atasema, "Gari linachemsha," katika hali hii ya pili; katika ile ya kwanza hatasema neno, mpaka injini inoki.

Msomaji atakumbuka jinsi neno homa lilivyotutesa. Homa ni joto la mwili, yaani ni dalili. Lakini kwa miaka mingi watu wameita homa ugonjwa wenyewe, na kila mwenye mwili wa moto akapewa dawa ya malaria pasipo kupimwa. Kuchemsha ni homa ya gari. Dalili imepewa jina la ugonjwa, na ugonjwa ukishapata jina moja, hutafutiwa dawa moja.

Dawa hiyo moja yajulikana kwa kila aliyewahi kukaa gereji: kutoa themostati. Hapa hapana budi tukae kidogo. Themostati ni kilango kidogo chenye nta ndani yake, kilichowekwa katika njia ya maji baina ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi, kilango hufungwa ili ipate joto upesi. Maji yakifika kiasi cha digrii 82 hadi 90, kwa kadiri ya aina ya injini, nta hutanuka na kilango hufunguka. Ni kweli kwamba kilango kikikwama kikiwa kimefungwa, injini itazidi joto, na kwa ugonjwa huo kukitoa kutaleta nafuu. Lakini fundi aliyefundishwa kwamba "kuchemsha" ni ugonjwa mmoja hukitoa katika kila gari linaloletwa, hata lile ambalo shida yake ni mkanda wa feni uliolegea. Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa na ubaridi kupita ilivyokusudiwa. Hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Tena ziko injini ambazo themostati yake, ikifunguka, huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ile hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita katika rejeta. Gari lililotolewa themostati ili lisichemshe huweza kuchemsha kwa sababu hiyohiyo. Mwenye gari hurudi gereji, naye fundi, kwa kuwa lugha yake haimpi swali la pili, husema injini imechoka.

Swali la pili lingekuwa: linachemsha lini? Gari linalozidi joto katika foleni, likatulia likipata mwendo, linamwelekeza fundi kwenye feni, kwani mwendo ndio unaoleta upepo ambao feni haikuuleta. Lile lisumbualo kwenye mwendo wa kasi humwelekeza kwenye rejeta iliyozibwa na ukoko na kutu, au kwenye pampu ya maji isiyosukuma. Linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, likatoa mapovu katika rejeta na moshi mweupe katika ekzosi, na oili yake ikawa kama chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeungua. Na liko lori linalochemsha mlimani pekee. Katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma madereva wanaujua vema mlima Kitonga. Lori lenye shehena hupanda pale polepole kwa gia nzito. Injini inatoa joto jingi na upepo wa mwendo ni haba. Zaidi ya hayo, kadiri uendavyo juu ndivyo maji yanavyochemka mapema: kwenye nyanda za Iringa, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa huchemka kwenye digrii 95 hivi. Lori lenye kifuniko kibovu lililostahimili joto la Dar es Salaam laweza kufoka huko juu, na fundi akalaumu injini nzima.

Neno kufoka tumelitumia kwa makusudi. Ndilo hasa linalofaa kwa kile akionacho dereva: mvuke na maji vikitoka kwa nguvu chini ya boneti. Ni neno la jikoni, kila mpika uji analijua, na halidai kujua chanzo. Tunaonelea kwamba vitabu vya mafunzo ya ufundi vingetenganisha mambo matatu kwa maneno matatu ambayo tayari tunayo: gari limefoka, maji yamechemka, injini imezidi joto. La kwanza aliseme dereva, mengine mawili ayathibitishe fundi. Hatupendekezi kulifukuza neno kuchemsha kutoka barabarani. Halitafukuzika, wala halina kosa likibaki kuwa kilio cha kuomba msaada.

Kuhusu kuvuja tunayo lawama kama hiyo. Maji yakidondoka chini kutoka kwenye mpira uliopasuka, huitwa kuvuja. Maji yakipita kwenye gasketi na kuingia katika silinda, ambako hakuna tone litakaloonekana chini, huitwa kuvuja vilevile. Hili la pili tungeliita kupenya. Fundi aambiwaye "maji yanavuja" huinama chini ya gari. Aambiwaye "maji yanapenya" huanza kwa kutazama oili.

Watafsiri nao wana sehemu yao. Rejeta ni neno la mkopo, na wako wanaoona haya kwa kila mkopo. Lakini anayetaka kulibadili kwa neno lililojengwa juu ya dhana ya mnururisho atakuwa ametafsiri kosa la Waingereza, kwa maana joto la rejeta kwa sehemu kubwa huchukuliwa na hewa inayopita katika mapezi yake, si kwa kunururishwa. Mkopo usio na maana ndani yake ni afadhali kuliko tafsiri yenye uongo. Hali ni tofauti kwa ile dawa itiwayo katika maji ya rejeta. Kuiita "dawa ya kuzuia kuganda" ni kumfanya msomaji wa Mtwara aulize barafu hiyo itatoka wapi, kisha atie maji ya kisima yenye chumvi. Kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Madereva wanasema kulanti, tuwafuate.

Onyo la hatari kuliko yote ndilo lililotafsiriwa kwa uzembe mkubwa zaidi: "Usifungue kifuniko injini ikiwa moto." Moto kwetu ni joto na ni miali pia, na msomaji asiyeona miali hujiona salama. Tena onyo halitaji sababu. Maji yaliyobanwa kwenye digrii 115, kifuniko kikifunguliwa, hugeuka mvuke kwa ghafla na kumfokea mtu usoni. Yafaa liandikwe: "Zima injini. Ngoja mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Maji yaliyobanwa yatakuunguza." Na pia: "Usimwagie maji baridi injini iliyozidi joto; silinda hedi au bloku huweza kupasuka."

Limebaki neno geji. Watu husema "geji ya joto" na kuiamini, ilhali inaonyesha halijoto ya kile tu kinachogusa kihisio chake. Maji yakiisha kabisa, kihisio hubaki hewani, na mshale huweza kushuka wakati chuma kinaungua. Jopo litakalokaa juu ya msamiati wa magari tungeliomba liandike "geji ya halijoto ya maji", kwa urefu wake wote, na kuliita fundi mmoja wa rejeta mezani kabla ya kulipitisha.