Alizeti: Namna Maua Mengi Yanavyojipanga Kuwa Moja

Kwenye shamba la alizeti la Singida, kila duara la manjano ni mkusanyiko wa mamia ya maua, pengine zaidi ya elfu, yaliyopandwa juu ya kitako kimoja. Muundo huo ndio alama ya familia ya Asterasia, yenye zaidi ya spishi 23,000, zikiwemo pareto, letusi, mchunga na kishona nguo.

Vijiua vya ukingoni, vyenye ulimi mrefu wa manjano, havizai mbegu katika alizeti. Kazi yao ni kuwaita nyuki.

Mbegu hutoka katikati, na huko ndiko kwenye ustadi wa kustaajabisha. Kila kijiua kina stameni tano, na vifuko vyake vya chavua vimeshikana ubavu kwa ubavu vikawa mrija. Chavua humwagikia ndani. Kisha kijiti cha stigma hupanda kutoka chini, ncha yake ikiwa bado imefumba, kikaisukuma chavua nje kama mpini wa pampu ya baiskeli. Nyuki huizoa, na baadaye tu stigma hufunguka matawi mawili ili kupokea chavua ya kwingine. Kijiua huanza kuwa dume, kisha jike, na zamu hiyo hupunguza kujichavusha. Kwa kuwa uchanuaji huanzia ukingoni ukaelekea katikati, nyuki hupata chakula kipya kwenye kichwa hichohicho kwa siku kadhaa.

Hata sepali zimebadilishwa kazi. Kwenye mchunga zimekuwa nywele za kupeperushwa na upepo. Kwenye kishona nguo, miiba yenye vikulabu inayong'ang'ania suruali za wapita njia.

Nani huamua kijiua kipi kiote ulimi? Mwaka 1888, huko Arles, Ufaransa, Vincent van Gogh alichora alizeti ambazo baadhi zilikuwa na ndimi hadi katikati. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha chanzo cha umbo kama hilo: jeni iitwayo HaCYC2c. Kwa kawaida hufanya kazi ukingoni. Ikibadilika na kufanya kazi kichwa kizima, vijiua vya katikati navyo huota ndimi. Ikiharibika, hata vile vya ukingoni hugeuka mirija.