Ugenini, Mapenzi na Ardhi katika Nyota ya Rehema

Riwaya mpya za mapenzi zinazompeleka mwanamke ugenini aanze maisha upya aghalabu husawiri ugenini huko kama uwanja mtupu: anafika, anapendwa, anatulia. Mohamed Suleiman Mohamed aliutilia shaka mpango huo mapema, katika Nyota ya Rehema (1976). Rehema anakimbia mateso ya nyumbani, anaangukia ukahaba mjini, kisha anapata utulivu shambani pamoja na Sulubu, mkulima fukara. Penzi lao halina unafiki, na mwandishi halikejeli. Lakini shamba lenyewe linatokana na Fuad, babake Rehema. Akishafariki, jamaa wanalidai, na penzi haligeuki hati ya umiliki. Riwaya nyingi za sasa humaliza kisa kabla mdai hajabisha hodi.