Transfoma Moja, na Blues Junior Imekuwa Amplifaya Nyingine!

Nianze na uzi wa sita, E ya chini kabisa. Gitaa limechomekwa moja kwa moja, hakuna pedali katikati, sauti imefunguliwa robo tu. Nimecharaza mara moja na sakafu ikaitika! Na hii ni Fender Blues Junior, kiboksi cha wati 15 chenye spika moja ya inchi 12, ambacho wengi tunakipenda kwa utamu wake wa katikati na kukisamehe besi yake nyembamba. Leo hakuna cha kusamehe. Besi ipo, nene, imekaza, na inasimama pale unapozima uzi kwa kiganja.

Fundi amefanya mambo matatu ndani yake, lakini lililonitoa pumzi ni la kwanza: ameng'oa transfoma ya spika na kufunga nyingine iliyo kubwa zaidi. Sababu yake ni tamu kama matokeo yenyewe. Valvu hutoa volti nyingi na mkondo mdogo, wakati spika ya ohmu 8 inataka mkondo mwingi na volti kidogo. Anayezipatanisha ni transfoma. Noti za chini ndizo zinazodai chuma kingi. Chuma kikiwa kidogo hujaa usumaku mapema, na hapo besi huvurugika hata kama valvu bado zina nguvu. Fender walipoitoa Blues Junior mwaka 1995 walitaka amplifaya nyepesi na ya bei nafuu, na kweli ina kama kilo 14 tu, unaibeba kwa mkono mmoja. Chuma kizito kisingeingia kwenye hesabu hiyo. Sasa kimeingia, mkono unausikia uzito, na sijali hata kidogo!

Nikapanda juu ya shingo ya gitaa, kule sebene inakoishi. Masikio yaliyolelewa na Mbaraka Mwinshehe, Franco na Docteur Nico yanadai kitu kimoja bila huruma: solo safi, noti zikimbizane lakini kila moja isikike na mwanzo wake na mwisho wake. Nilidhani besi mpya ingeufunika ung'avu huo. Wapi! Trebo imebaki na makali yake, ila haichomi tena, na chini yake sasa kuna mwili.

Hapo ndipo jambo la pili linapohusika. Kwenye vitufe vya besi, midi na trebo, fundi amebadilisha kapasita na kufuata thamani za Fender za miaka ya 1960, zile zenye uso mweusi: mikrofaradi 0.1 kwa besi, 0.047 kwa midi, na pikofaradi 250 kwa trebo. Ni vipande vya bei ya chai. Lakini ule mguno wa boksi, ile sauti ya mtu anayeongea ndani ya kabati, umeondoka, na kitufe cha besi hatimaye kinafanya kazi katika mzunguko wake wote.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba tabia yake haikupotea. Valvu zake za nguvu ni EL84 mbili, ukoo uleule wa Vox AC15 ya Uingereza, si 6V6 wala 6L6 tulizozoea kwenye Fender nyingi. Ongeza sauti na zinaanza kukwaruza kwa ule ukali mtamu wa Kiingereza, safari hii zikiwa na kifua. Spika ya zamani tumeiacha makusudi, na sasa nasadiki kwamba wanaokimbilia kubadilisha spika kwanza wanaanza mwishoni. Mwangwi wa springi ni uleule, wa kawaida. Sina la kuusifia.

Jambo la tatu halisikiki haraka, ila nalipenda. Amplifaya hii kiwandani haina sehemu ya kurekebisha bayasi, yaani volti inayoamua valvu zipitishe mkondo kiasi gani zikiwa kimya, na valvu zake mara nyingi hufanya kazi zikiwa moto mno. EL84 imepewa wati 12 tu za kuvumilia kwenye anodi yake. Fundi ameweka rezista ya kurekebishika, akapima, akazishusha pahali salama. Valvu zitadumu, na sauti safi imepata nafasi zaidi kabla ya kukwaruza.

Ukitaka yako ifanyiwe hivi, ipeleke kwa mtu anayezijua valvu. Ndani mna zaidi ya volti 300, na kapasita kubwa hushikilia umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kama iliagizwa kutoka Marekani, angalia pia nyuma yake: ikiandikwa volti 120, usiichomeke kwenye umeme wetu bila stepudauni. Kisha anza na transfoma, hata kama fedha inatosha hiyo peke yake!