Holmes Alipoachwa Asimulie Mwenyewe

Kitabu cha mwisho cha Sherlock Holmes, The Case-Book of Sherlock Holmes, kilitoka mwaka 1927, miaka 40 baada ya kisa cha kwanza. Kina hadithi 12. Wanaokilaumu husema Arthur Conan Doyle alikuwa amechoka. Huenda, lakini uchovu wa mwandishi hautufundishi kitu kuhusu ufundi. Nilichokiona mimi, na kilichoniuma, ni kwamba katika hadithi tatu Daktari Watson, rafiki wa Holmes, ameondolewa kwenye kazi yake ya kusimulia.

Sisi tuliokuzwa na riwaya za Bwana Msa tunaijua kazi hiyo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomuumba mpelelezi wake alimpa kiko kama cha Holmes, na akampa pia Najum, rafiki wa kuandamana naye. Rafiki wa mpelelezi huona kila kitu asielewe. Kwa hiyo mwandishi anaweza kutuwekea dalili zote mbele ya macho bila kutufunulia maana yake, na tusidai tumehadaiwa, kwa sababu hata yule aliyekuwepo hakujua.

Mojawapo ya hizo tatu, hadithi ya jiwe la Mazarin, ya 1921, ilitokana na mchezo wa jukwaani, na karibu yote imefungiwa chumba kimoja. Hiyo niipite. Inayostahili kuchambuliwa ni The Lion's Mane, ya 1926, anayoisimulia Holmes mwenyewe.

Holmes amestaafu, anafuga nyuki karibu na bahari kusini mwa Uingereza. Asubuhi moja mwalimu kijana, McPherson, anapanda kutoka ufukweni akipepesuka, anatamka kitu kuhusu manyoya ya simba, anakata roho. Mgongo wake umejaa mistari myekundu, kama aliyechapwa kwa waya. Taulo lake ni kavu, basi Holmes anaamua kwamba hakuingia majini.

Hapa Kikoneni hatuko ufukweni, lakini samaki wa Shimoni hutufikia, na habari za baharini huja nao. Msomee mvuvi yeyote wa huko aya hizo. Atakwambia ni konyeza kabla hujageuza ukurasa, na atakuwa sahihi: muuaji ni konyeza mkubwa wa bahari za baridi, Cyanea capillata. Hilo peke yake lisingeniudhi. Hakuna fumbo linalomshinda kila mtu, na msomaji wa London wa wakati ule hakuwa mvuvi.

Kinachoudhi kinakuja baadaye. Holmes anatuambia kuna jambo aliwahi kulisoma linalohusu kifo hiki, ila halikumbuki sawasawa. Anapanda darini, anapekua vitabu, anapata alichokitaka, anashuka. Hatuambii amesoma nini. Kurasa kadhaa zinapita, watu wanashukiwa bure, ndipo anapolitaja jina la mnyama kwa sauti. Kama angekuwepo Watson, hapangekuwa na kosa: Watson angemwona anapanda na kushuka, basi. Lakini huyu anayesema "mimi" ametukaribisha ndani ya kichwa chake, kisha akafunga chumba kimoja tu, kile chenye jibu. Hata kosa la taulo linapoteza uzito wake. Msimulizi anaandika baada ya mambo kwisha, anajua alikosea, na bado anatuongoza kana kwamba hajui.

Agatha Christie alilikwepa shimo hili. Curtain, kitabu cha kifo cha mpelelezi wake Hercule Poirot, kilichapishwa 1975, lakini alikiandika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akakiweka akiba. Humo akamrudisha Kapteni Hastings, rafiki wa Poirot na msimulizi wake, ambaye hakuwa ameonekana katika riwaya za Poirot tangu 1937. Poirot anakufa, na ufumbuzi unafika kwa barua aliyoiacha. Hastings anaisoma nasi, akishtuka tunaposhtuka. Nilikifunga nikiwa na huzuni ya msiba, bila kinyongo na mwandishi.

Na Doyle hakuhitaji kumwita Watson kutoka mbali. Harold Stackhurst, mkuu wa shule aliyofundisha McPherson, alikuwepo asubuhi ile, amesimama na Holmes mwalimu alipoanguka. Angepewa yeye hadithi. Angefika nyumbani kwa Holmes akamkuta anashuka darini, vumbi mikononi, amenyamaza, naye akaondoka bila kuambiwa kitu, nasi tukaondoka naye tukiwaza lile taulo kavu.