Bendi ya Kopi Haina Jina

Bendi nyingi chipukizi za mjini zina ugonjwa mmoja: zinataka kujulikana nchi nzima kabla hazijajulikana mtaani kwao. Masela wanakusanya gitaa, kinanda na ngoma, wanafanya mazoezi miezi mitatu, halafu ukiwauliza wanapiga nini wanakujibu kwa fahari kwamba wimbo wa fulani wanaupiga kama ulivyo. Sawa, wanaupiga, tena bomba. Lakini mwenye wimbo yupo. Sasa msikilizaji awafuate wao kwa lipi?

Mimi nasema wazi kwamba ukata si kikwazo cha kwanza. Kikwazo ni kukosa sauti yako mwenyewe.

Watazame Jagwa Music wa Dar es Salaam. Walianza mwaka 1992, wakipiga mchiriku, muziki wa uswahilini ambao waungwana waliuita wa kihuni. Vyombo vyenyewe ni ngoma, kinanda kidogo cha Casio na mahoni kama yale ya mikutano ya hadhara. Kinanda kikipita kwenye honi, sauti inatoka imekwaruza. Fundi wa studio angeiita kasoro, wao wakaifanya ndiyo sahihi yao. Ukiwasikia hata ukiwa mtaa wa tatu, unajua ni mchiriku. Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao, Bongo Hotheads. Si kwamba haina dosari: kasi ni ileile karibu mwanzo hadi mwisho, masikio yanaomba maji. Lakini huwezi kuwachanganya na mtu mwingine.

Utaniuliza, na Saleh Jabir je? Si alivuma mwaka 1991 kwa kurap juu ya mdundo wa Vanilla Ice? Kweli kabisa. Ila mdundo aliukopa, maneno akayaleta yeye, kwa Kiswahili, na vijana wakagundua kwamba rap inaweza kusema nao kwa lugha ya nyumbani. Kukopa na kuongeza chako si sawa na kukopi.

Basi bendi ifanyeje? Iwe na nyimbo zake, hata 5 tu, zinazosema mambo ya mtaa wake. Ipate mahali pa kupiga kila wiki, siku ileile, hata kama ni ukumbi wa shule, ili aliyeipenda leo ajue pa kurudi. Irekodi wimbo mmoja uliokamilika badala ya kumi ya kubahatisha. Na akitokea mtu anayedai chochote ndipo wimbo upigwe redioni, achaneni naye, bwana. Hela ikiisha, na wimbo unazimika.

Linaloniuma ni moja. Toka 1992 hadi 2012 ni miaka 20. Kwa muda wote huo mchiriku ulikuwa ukikesha uani kwetu, na kalamu ngapi za mjini ziliuandika kama sanaa, si kama kelele? Bendi inaweza kufanya kila kitu sawasawa, lakini bila mtu wa kusikiliza na kueleza alichosikia, sifa zake zinaishia kona ya mtaa. Hapo ndipo tunapoingia sisi tunaojifunza kuandika. Jumamosi hii, badala ya kuhakiki kanda ya staa ambaye hatahitaji maneno yako, nenda kasikilize bendi isiyo na jina. Kama ni mbovu, waambie. Kama ina sauti yake, iandike.